Jenerali mstaafu na ajira ya kampuni: saa ya maadili inaanza kuhesabu ikiwa imechelewa

Tarehe 17 Oktoba 2002, mjini Orlando, Darleen Druyun alikutana na mkuu wa fedha wa Boeing, Michael Sears, wakazungumzia kazi atakayopewa akistaafu. Siku hiyo Druyun alikuwa bado mmoja wa wakuu wa ununuzi wa Jeshi la Anga la Marekani, na mezani kwake ulikuwapo mpango wa kukodi ndege 100 za Boeing 767 ziwe za kuzijazia mafuta ndege nyingine angani. Alijiondoa rasmi katika shughuli zote zinazoihusu Boeing tarehe 5 Novemba. Hapo katikati zilipita siku 19. Januari 2003 akaanza kazi Boeing kwa mshahara wa dola 250,000 kwa mwaka. Oktoba 2004 akahukumiwa kifungo cha miezi tisa, Sears akafungwa miezi minne, mpango wa kukodi ndege ukafa, na mwaka 2006 Boeing ikakubali kulipa dola milioni 615 kumaliza madai ya serikali, hili likiwamo.

Druyun alikuwa mtumishi raia, hakuwa na cheo begani. Tumeanza naye kwa sababu tarehe zake zinaanika jambo ambalo katika kesi za majenerali huwa limefunikwa: kosa lote lilishatendeka kabla hajastaafu. Ungemzuia kuingia Boeing kwa miaka miwili, au hata mitano, ahadi ingebaki palepale ikimngoja, na uamuzi juu ya ndege 100 ungekuwa umekwisha kupita mikononi mwa mtu mwenye mwajiri mtarajiwa kichwani.

Miaka ishirini baadaye jambo lilelile likajirudia, safari hii kwa mwenye sare. Admirali Robert Burke, ofisa wa nyota nne, alikuwa kamanda wa vikosi vya Jeshi la Majini la Marekani barani Ulaya na Afrika. Desemba 2021 aliagiza watu wa chini yake waipe kampuni moja ya mafunzo mkataba wa dola 355,000 bila kushindanisha wazabuni. Kampuni hiyo ilikuwa imemwahidi kazi yenye mshahara wa kuanzia wa dola 500,000 kwa mwaka, pamoja na haki ya kununua hisa 100,000. Oktoba 2022, akiwa amestaafu, akaingia kazini kwao. Mei 2025 baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani kwa rushwa na kwa kuficha mazungumzo hayo ya ajira, na Septemba mwaka huo akahukumiwa miaka sita jela.

Tazama ukubwa wa namba hizo. Mkataba wa dola 355,000, ambao katika bajeti ya jeshi la Marekani hauonekani kwa macho, ulitosha kununua uamuzi wa admirali wa nyota nne. Wengi hudhani hatari iko kwenye manowari na ndege za kivita tu, kumbe mikataba midogo ya mafunzo, ushauri na programu za kompyuta ndiyo isiyo na macho mengi juu yake, na ndiyo ambayo kamanda mmoja anaweza kuisukuma kwa neno lake.

Hata hivyo, ukifungua kanuni za nchi nyingi kuhusu ajira za maofisa wakuu wastaafu, utakuta karibu kila kitu kinahesabiwa kuanzia siku ya kustaafu. Hicho ndicho kinachoitwa kipindi cha kupoa: mwaka mmoja, miwili au mitatu ya kukaa mbali na wizara au na makampuni fulani. Hatukipingi. Tunachosema ni kwamba saa hiyo inaanza kuhesabu ikiwa imechelewa. Inapaswa kuanza miezi 18 kabla ya sare kuvuliwa, na sehemu kubwa ya mzigo wa kutoa taarifa iwekwe mabegani mwa kampuni inayotaka kuajiri.

Kwanza, ajira yenyewe si kosa. Jeshi ni piramidi: nafasi za juu ni chache, na asiyepandishwa hana budi kuondoka ili wengine wapite. Kwa hiyo watu huondoka wakiwa na nguvu, wengi katika miaka ya hamsini, baada ya kujifunza kwa fedha za umma kazi ambazo raia wachache wanaziweza: kuendesha maghala ya vipuri, kuhamisha watu elfu tatu na magari yao kwa siku kumi, kusimamia matengenezo ya injini ambayo kosa moja linaua. Kuwafungia mlango ni kutupa ujuzi huo. Mwaka 2021 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilieleza kwamba makampuni 14 makubwa ya ulinzi yalikuwa yamewaajiri, kwa mwaka 2019, maofisa wa zamani wa ngazi za juu na wa ununuzi 1,718 waliotoka Wizara ya Ulinzi. Namba hiyo hutajwa kila mara kama ushahidi wa uozo. Peke yake haithibitishi lolote. Swali ni nani kati yao aliiandikia kampuni yake ya baadaye zabuni akiwa bado ndani.

Kampuni inanunua nini hasa

Jenerali mstaafu huja na ujuzi, na ujuzi ni wake. Huja pia na taarifa: bei za washindani katika zabuni ya mwisho, upungufu wa kikosi fulani, mpango wa ununuzi wa miaka mitano ijayo. Taarifa za namna hii zina uhai wake. Bei ya mshindani ina thamani mpaka mkataba usainiwe, ilhali mpango wa miaka mitano unabaki na thamani mpaka utangazwe. Ndiyo maana marufuku inayofungamana na zabuni au programu mahususi hulinda vizuri kuliko marufuku ya miezi kadhaa kwa kila kitu.

Kisha kuna simu. Kanali anayesimamia zabuni leo alikuwa meja chini ya jenerali yule miaka minne iliyopita, akapewa alama nzuri, akapandishwa. Simu ya mzee ikiita, ataipokea, na ataipokea amesimama. Thamani ya simu hiyo hupungua kadiri watu wanavyohamishwa, na katika majeshi mengi mtu hukaa kwenye wadhifa miaka miwili au mitatu. Kwa hiyo miaka miwili ya kupoa si namba ya kubahatisha. Inatosha kwa wengi wa waliokuwa chini yake kuwa wameshahama meza. Mwaka mmoja hautoshi. Watu walewale wangali kwenye viti vilevile.

Lakini kitu cha nne ambacho kampuni inanunua, baada ya ujuzi, taarifa na simu, na ambacho kipindi cha kupoa hakikigusi kabisa, ni tumaini. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Ofisa aliyebakiza mwaka mmoja anajua ni makampuni gani huwachukua wastaafu na kuwalipa vizuri, na anajua pia kwamba kampuni haimchukui mtu aliyeikatalia mitambo yake kwenye majaribio. Hakuna anayehitaji kumwambia lolote. Anaweza kupunguza ukali wa ripoti ya majaribio kwa sentensi mbili, au kuongeza kwenye sifa za kiufundi kigezo kimoja ambacho ni kampuni moja tu inakitimiza, na hapatakuwa na barua, bahasha wala ushahidi. Hapa ndipo fedha nyingi za umma hupotelea, na ndipo kanuni zilipo na maneno machache.

Kanuni zilizopo, na zinapovuja

Marekani ina kanuni nyingi. Kifungu cha 207 cha sheria ya makosa ya jinai ya shirikisho kinamkataza ofisa, kwa maisha yake yote, kumwakilisha mtu mwingine mbele ya serikali katika jambo mahususi alilolishughulikia yeye mwenyewe kwa kiasi kikubwa, kwa mfano mkataba fulani wenye pande zinazojulikana. Kwa mambo yaliyokuwa chini ya mamlaka yake katika mwaka wa mwisho, hata kama hakuyagusa, marufuku ni miaka miwili. Majenerali na maadmirali wote wana mwaka mmoja wa kutowasiliana na jeshi lao la zamani kwa nia ya kulishawishi.

Tundu la kifungu hicho linajulikana kwa kila mwanasheria wa ulinzi: kinakataza kumwakilisha mtu na kuwasiliana. Hakikatazi kukaa ofisini kwa kampuni ukamwelekeza kijana mwingine nani apigiwe, aambiwe nini, na ukurasa gani wa pendekezo ubadilishwe. Mwaka 2017 Bunge liliziba sehemu ya tundu hilo kupitia kifungu cha 1045 cha sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2018. Luteni jenerali na jenerali kamili wamekatazwa kwa miaka miwili kufanya shughuli za ushawishi kuhusu mambo ya Wizara ya Ulinzi. Brigedia jenerali na meja jenerali, kwa mwaka mmoja. Katika kifungu hiki ushawishi unahesabiwa pamoja na maandalizi, utafiti na mipango inayofanywa nyuma ya pazia ili mtu mwingine akawasiliane. Hii ni hatua kubwa. Udhaifu wake ni kwamba yanayofanyika nyuma ya pazia hayaachi alama, na aliyepewa kazi ya kuchunguza ni wizara ileile iliyojaa waliokuwa vijana wake.

Ufaransa imechukua njia nyingine, na kwa maoni yetu imeandika sentensi bora kuliko zote kuhusu makampuni tanzu. Kifungu cha 432-13 cha sheria yake ya jinai kinamzuia mtumishi wa umma, askari wakiwamo, kufanya kazi, kutoa ushauri au kuweka mtaji kwa miaka mitatu katika kampuni aliyoisimamia, aliyoingia nayo mkataba au aliyotoa maoni juu ya mkataba wake. Adhabu yake hufika miaka mitatu jela na faini ya euro 200,000. Kisha kinaongeza kwamba kampuni yenye angalau asilimia 30 ya mtaji wa pamoja na ile iliyokatazwa inahesabiwa kuwa ni kampuni ileile. Sheria isiyo na sentensi kama hiyo haina kazi. Kampuni ya silaha humsainisha jenerali kwenye tawi lake la huduma za bandari, jina tofauti, anwani tofauti, na mwaka wa pili anahamia jengo la jirani.

Uingereza ilikuwa na kamati ya ushauri kuhusu ajira za waliotoka serikalini, iliyoanza mwaka 1975. Maofisa wa nyota tatu kwenda juu walipeleka maombi huko kwa miaka miwili baada ya kuondoka. Wa chini yao walishughulikiwa na wizara yenyewe. Kamati ilishauri, ikaandika barua, ikaichapisha. Haikuwa na uwezo wa kumtoza mtu hata senti moja. Ofisa aliyepuuza ushauri alipata aibu ya siku mbili magazetini, na aibu ya siku mbili ni bei nafuu kwa kazi ya miaka kumi. Oktoba 2025 kamati hiyo ilivunjwa na majukumu yake kugawanywa kwa vyombo vingine. Kubadili anayepokea fomu hakutasaidia kitu kama fomu yenyewe inaendelea kujazwa baada ya makubaliano kufikiwa.

Mwaka wa mwisho ndani ya sare

Basi saa ianze mapema. Kwa vitendo, hili lina maana gani?

Miezi 18 kabla ya tarehe ya kustaafu, kila ofisa kuanzia brigedia jenerali, na kila kanali aliyewahi kukaa kwenye kamati ya tathmini au kusimamia programu ya ununuzi, aandike orodha ya mikataba, zabuni na majaribio yote aliyoyagusa katika miaka mitatu iliyopita. Kuandika kwamba alikuwa mkurugenzi wa usafirishaji hakutoshi. Namba ya zabuni iwepo, jina la mzabuni liwepo, na kazi yake katika zabuni hiyo: aliandika sifa za kiufundi, alitoa alama, alisaini malipo, alipokea mzigo. Orodha hii hufanywa mapema kwa sababu rahisi, kwamba kumbukumbu ya mtu hufifia vizuri sana pale inapomgharimu kazi. Ikiandaliwa akiwa bado ofisini, mhasibu na katibu wa bodi ya zabuni wanaweza kuilinganisha na mafaili.

Kuanzia hapo, mawasiliano yoyote ya ajira yaripotiwe kwa maandishi ndani ya siku tatu za kazi. Neno mawasiliano lifafanuliwe kwa mapana, maana hapa ndipo watu huponyoka. Mazungumzo ya ajira mara chache huanza kwa kutaja kazi. Huanza kwa mwaliko wa chakula, au swali la kirafiki kwamba baada ya hapa unafikiria kufanya nini, au mtu wa tatu anayesema kuna watu wangependa kukusikia. Jibu la "tuongee nikishatoka" nalo ni mawasiliano, kwa sababu halijakataa. Kanuni nzuri inampa ofisa njia mbili tu: akatae waziwazi na aandike kwamba amekataa, au ajiondoe siku hiyohiyo katika kila jambo linaloihusu kampuni hiyo. Sheria ya ununuzi ya Marekani ina wazo hili kwa wanaoshughulikia zabuni: ripoti, kisha kataa au jitoe. Siku 19 za Druyun zinaonyesha kinachotokea mtu akijitoa kwa ratiba yake mwenyewe.

Kujitoa kwenyewe hufanywa vibaya mara nyingi. Jenerali anajiondoa, faili linashuka kwa msaidizi wake. Msaidizi huyo anaandikiwa ripoti ya utendaji na jenerali huyohuyo, na anajua vizuri bosi anakwenda wapi. Hapo hakuna aliyejiondoa; saini tu ndiyo iliyobadilika. Faili la aliyejiondoa lipande kwa aliye juu yake, au liende pembeni kwa kamandi nyingine yenye cheo sawa. Lisishuke kamwe. Barua ya kujiondoa ipelekwe pia kwa katibu wa bodi ya zabuni na kwa mkaguzi wa ndani, ili jina lake likitokea kwenye muhtasari wa kikao chochote cha baadaye kuhusu kampuni ile, kengele ilie.

Kosa jingine ni kudhani zabuni huanza inapotangazwa. Zabuni huamuliwa kwenye sifa za kiufundi, na hizo huandikwa miezi mingi kabla ya tangazo. Mwenye uwezo wa kuandika kwamba gari libebe tani 7.5 badala ya 7, au kwamba redio itumie aina fulani ya betri, ameshachagua mshindi kabla bahasha hazijafunguliwa. Kanuni inayomtaka ofisa ajitoe kwenye tathmini tu huacha wazi mlango ambao ni mkubwa zaidi. Kujitoa kuanzie kwenye uandishi wa mahitaji, kupite majaribio na tathmini, kufike mpaka kwenye kupokea mzigo na kuidhinisha malipo ya nyongeza. Tunasisitiza malipo ya nyongeza kwa sababu mkataba ukishasainiwa macho huondoka, na marekebisho ya mkataba ndipo bei hupandia.

Halafu likizo ya kumalizia utumishi. Ofisa mwenye siku 60 za likizo alizolimbikiza huondoka ofisini miezi miwili kabla ya tarehe rasmi, akilipwa mshahara wa jeshi. Wengine huanza kazi mpya kipindi hicho wakidhani wameshastaafu. Hawajastaafu. Bado ni maofisa wa jeshi, na kumwakilisha mwajiri mpya mbele ya serikali siku hizo ni kosa zito kuliko kufanya hivyo mwezi mmoja baadaye. Kipindi cha kupoa kihesabiwe kuanzia tarehe ya mwisho kwenye orodha ya mishahara, siyo siku aliyokabidhi ofisi, na kanuni iseme hivyo kwa maneno haya haya.

Mzigo wa kampuni nao uandikwe mahali panapouma, yaani ndani ya hati ya zabuni. Marekani, kampuni inayotaka kumlipa ofisa mkuu aliyeshiriki ununuzi wa zaidi ya dola milioni 10, ndani ya miaka miwili tangu aondoke, inatakiwa kwanza kuhakikisha kwamba ameomba barua ya maoni kutoka kwa mwanasheria wa maadili wa wizara, naye mwanasheria ana siku 30 za kujibu. Wakaguzi wa Bunge walipendekeza wizara itathmini kama makampuni yatakiwe pia kuthibitisha kwamba watu wao wanafuata kifungu cha 1045. Sisi tungekwenda mbali zaidi. Kila mzabuni aambatishe orodha ya maofisa wastaafu anaowalipa, au aliowalipa katika miaka mitatu iliyopita, kama waajiriwa, washauri, wajumbe wa bodi au wenye hisa, kwake na kwenye makampuni tanzu. Orodha ikikosa jina moja, bahasha yake inawekwa kando kama ambavyo ingewekwa kando kwa kukosa dhamana ya zabuni. Kampuni zinaogopa kukosa zabuni kuliko zinavyoogopa barua ya kamati ya maadili, na idara za sheria za makampuni zitafanya ukaguzi ambao wizara haina watu wa kuufanya.

Njia ya kukwepa inayotumika kuliko zote haihitaji hata kampuni ya silaha. Mstaafu anasajili kampuni yake ya ushauri, anaiombea kibali mara moja, anapewa, kisha wateja wanaingia mmoja mmoja bila mtu kuuliza. Fomu husema "ushauri wa kimkakati", maneno yanayoweza kubeba chochote. Waingereza waliliona hili wakataka kila mteja mpya wa mshauri wa namna hiyo aombewe ushauri wake. Hilo ndilo sahihi. Kibali kitolewe kwa mteja na kazi mahususi, kikitaja kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa, na maneno ya jumla kama mkakati au maendeleo ya biashara yarudishwe yakajazwe upya.

Mwajiri akiwa serikali nyingine

Hapa uzito unabadilika, kwa sababu kinachouzwa si upendeleo kwenye zabuni. Oktoba 2022 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilitoa tahadhari kwamba marubani wa zamani wapatao 30 wa majeshi yake walikuwa wamekwenda kuwafundisha marubani wa jeshi la China. Hawakubeba nyaraka. Walibeba namna ya kuruka, namna ya kufikiri vitani, na hiyo haigongwi muhuri wa siri. Australia ilijibu mwaka 2024 kwa sheria inayowataka wanajeshi wa zamani waliohusika na kazi nyeti kupata kibali kabla ya kufanyia kazi jeshi au serikali ya kigeni, isipokuwa kwa nchi zilizosamehewa, na anayekiuka anaweza kufungwa hadi miaka 20.

Marekani inadai kibali cha waziri wa jeshi husika na cha Wizara ya Mambo ya Nje, kwa hoja kwamba ofisa mstaafu bado anaweza kuitwa kazini, hivyo katiba inamzuia kupokea malipo ya serikali ya kigeni bila ridhaa. Kwenye karatasi ni kanuni kali. Mwaka 2022 gazeti la Washington Post, baada ya kwenda mahakamani kudai nyaraka, lilionyesha kwamba tangu 2015 zaidi ya wastaafu 500 wa jeshi la Marekani walikuwa wamechukua kazi za serikali za kigeni, na kwamba takriban asilimia 95 ya maombi yalikubaliwa. Kati ya walioruhusiwa walikuwamo majenerali na maadmirali 15 waliokuwa washauri wa wizara ya ulinzi ya Saudi Arabia tangu 2016. Kibali kinachotolewa kwa maombi 95 kati ya 100 hakimzuii mtu, na kilichouma zaidi ni kwamba umma haukujua mpaka hakimu alipoamuru. Kama majina, mishahara na masharti yangechapishwa siku ya kibali, nusu ya maombi hayo huenda yasingeandikwa.

Watetezi wa maofisa huuliza, kwa haki, mtu mwenye watoto shuleni ataishije miaka miwili akizuiwa kufanya kazi anayoijua. Jibu si kulegeza marufuku, ni kuilipia. Pale ambapo serikali inamzuia ofisa kuchukua kazi halali kwa sababu tu ya alichokuwa anakishughulikia, imlipe tofauti kati ya pensheni na mshahara wake wa mwisho kwa muda wa zuio, kwa mtu mmoja mmoja na kwa uamuzi wa maandishi. Wahusika ni wachache, makumi na si maelfu, na gharama yao ni ndogo mbele ya mkataba mmoja uliopotoshwa. Ukilipia zuio unapata pia haki ya kulisimamia, na mahakama ambazo hazipendi kumfungia mtu riziki zitalitazama kwa jicho jingine.

Pensheni yenyewe itumike kama adhabu kwa tahadhari kubwa. Ni jasho la miaka thelathini, na mara nyingi inamlisha mjane. Kuifuta yote kwa kosa la fomu ni dhuluma. Kuzuia kiasi kinacholingana na alicholipwa kinyume cha kanuni, senti kwa senti, ni haki. Anayeficha mazungumzo ya ajira akiwa bado na mamlaka juu ya zabuni, huyo ni mla rushwa na mahali pake ni mahakamani.

Katika majeshi madogo kuna ugumu wa ziada ambao kanuni zilizonakiliwa kutoka majeshi makubwa haziutatui. Panapokuwa na majenerali wasiofika ishirini, kila mmoja ameshagusa kila kitu. Mkuu wa majeshi amepitisha kila zabuni, hivyo marufuku ya programu alizozishughulikia inamfungia nchi nzima, au ikitafsiriwa kwa ulegevu haimfungii chochote. Mwanasheria wa maadili naye ni kanali aliyekuwa chini ya mwombaji mwaka jana. Katika hali hiyo maombi ya nyota mbili kwenda juu yatoke nje ya jeshi na nje ya wizara kabisa, yaende kwa chombo chenye mkaguzi mkuu wa hesabu au jaji mstaafu ndani yake, kikiwa na siku 30 za kujibu. Na siku hizo zikipita bila jibu, ukimya uhesabiwe kuwa ni kukataliwa. Leo, palipo na ukomo wa muda, ukimya wa wizara humwachia mwombaji aendelee, na maombi magumu ndiyo hasa hukalia meza mpaka siku ya 31.